Ushuru wa Maegesho

Hukumu ni Alhamisi, lakini Dodoma imeshahukumu.

Kwa Masima kinyozi mashine inaning'inia hewani,
kichwa nusu kimenyolewa, nusu kinasubiri sheria:
"Miaka saba. Hakukusudia, sawa, ila saba ataila."
Aliye chini ya shuka anajibu bila kugeuka:
"Saba ya nini tena?
Kuna gereza kupita kile kiti cha nyuma?"

Soko la Majengo, mama wa karanga anajaza kopo hadi kilele:
"Simu alishuka nayo. Mkoba alishuka nao.
Wa kusahaulika akawa mtoto?"
Na jirani yake wa dagaa, akipunga nzi:
"Angesahau mama mtu, mngekuwa mmeshasuka kitanzi."

Vijana wa bodaboda pale Makole wamewekeana dau,
kreti moja ya soda.
Aliyesema atanyongwa ameanza kujuta,
si kwa huruma, kwa soda.

Mwanafunzi wa sheria anafafanua, kidole juu:
nia ovu haipo, na kusahau si nia.
"Basi sheria yenu nayo imesahau," anaambiwa.
Mzee mmoja anaanza, "Uchungu wa mwana..."
Wanammalizia kwa pamoja, kila mmoja akidhani
methali imekuja kumtetea yeye.

Juni hii. Upepo unakata masikio.
Tumevaa makoti, tunajadili joto.

Matika, mke wa mshtakiwa, hakukaa kulia wala kushoto.
Alikaa karibu na mlango.
Watu wakakisoma kitenge chake kama gazeti.
Siku ya tatu alimletea mumewe chai kwenye chupa,
askari akaikataa,
na mji ukahamia kwenye chupa:
amemsamehe? Ilikuwa na nini? Kwa nini haikuwa na sukari?
(Nani aliionja?)

Mimi ni shahidi wa nne.
Nina kizibao cha kijani na mashine ya ushuru shingoni.
Tarehe kumi na mbili Novemba nilizunguka nyuma ya ofisi zile,
mvua bado, lami inanata kwenye kandambili.
Gari la kijivu, vioo vyeusi.
Saa tano na dakika arobaini nikachomeka karatasi chini ya waipa,
waipa ikaniunguza kidole.
Nikakipuliza kidole.
Nikaenda gari linalofuata.

Saa nane nikarudi, nikaongeza deni.

Ndani kulikuwa na Nyemo, miezi kumi na minne,
kiatu kimoja mguuni, kingine kimelala chini ya kiti.
Hilo nililijua baadaye, pamoja na mji mzima.

Mahakamani wakaniuliza:
"Hii stakabadhi umeitoa wewe?"
Ndiyo, mheshimiwa.
"Ulisikia sauti yoyote?"
Hapana, mheshimiwa.
"Hatuna swali zaidi."
Kizimbani, Ndahani aliniangalia kwa mara ya kwanza,
bila chuki, kama mtu anayetaka kuuliza njia
na mwenyeji ameshapita.

Hakuna aliyeuliza habari za kidole.

Masima akiniona anaongeza sauti:
"Muulizeni huyu, alikuwepo! Saba au haachiwi saba?"
Nasema sijui. Wanacheka, wanasema naogopa mahakama.
Malengelenge yalipona ndani ya wiki,
ngozi ikarudi laini, hata alama sina
ya kumwonyesha mtu.

Alhamisi nitakuwa kazini.
Watakuja wengi, wataegesha hadi kwenye mtaro,
wakimbilie ndani kupata nafasi.
Nitachomeka karatasi moja moja.
Na kwa kila gari, kabla ya karatasi,
naegemeza viganja kando ya macho
na kuchungulia kiti cha nyuma mpaka giza linipe umbo:
mwavuli, gunia la mahindi, koti.

Wenye magari wananifokea,
"We dada, unatafuta nini humo?"

Namba ya gari, nawajibu.

Namba iko mbele.
Wanajua. Najua.